Spika za Zamani na Sabufa ya Bwana Kahoza

Wanangu, mtu akikwambia sabufa yake ni nzuri, usimuulize inasikikaje. Hatajua. Muulize ni vyombo gani vimeshavunjika kabatini. Hivyo ndivyo tulivyopima sauti mjini Kasulu kuanzia mwaka 2012 hivi, na mimi niliyekuwa fundi redio nyuma ya soko nililetewa vipimo hivyo kila siku. Mteja anaingia, salamu hajatoa, anasema, "Fundi, jana kikombe kimetembea chenyewe mpaka ukingoni mwa meza, kikaanguka!" Anayasema hayo kwa fahari, kama mtu ambaye mwanawe amefaulu mtihani.

Sasa nimestaafu. Macho yamekataa nyaya nyembamba, na mkono unatetemeka nikishika chuma cha kulehemu. Lakini nyinyi vijana mliofungua vibanda vya ufundi bado mnanifuata hapa kibarazani na swali moja: mteja ana spika zake za zamani, anataka mdundo, nimwambie azitoe anunue sabufa, au nimwongezee sabufa pembeni? Jibu ninalo na nitalitoa. Ila nikilitoa hivi hivi mtalisahau kabla hamjafika barabarani. Kwa hiyo nawasimulia ya Bwana Kahoza, kwa kuwa yeye alizijaribu njia zote mbili, na mtaa mzima ukatikisika pamoja naye.

Kwanza mnielewe nilivyofundishwa. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Shomari, mtu wa Tanga aliyekuja Kasulu kuuza vitambaa, vitambaa vikamshinda, akabaki na redio za watu. Watu walimshangaa kuchukua mwanafunzi wa kike. Yeye alisema wanaume wanakaza skrubu kwa hasira. Alikuwa na neno lake moja, alilirudia mpaka nikalichoka: "Stazia, spika ni watu wa nyumba moja. Kuna wa kutwanga na kuna wa kusimulia. Ukimpa mtwangaji kazi ya kusimulia, utapata hadithi iliyopondwapondwa." Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Baadaye nilikuja kuisikia hadithi iliyopondwa kwa masikio yangu.

Umeme wa mjini ulipoanza kutulia kidogo, sabufa zikaingia kama mvua za vuli. Lile boksi jeusi lenye redio ndani yake, taa za bluu zinazowaka zikifuata muziki, rimoti, na vispika viwili vidogo kama makopo ya maziwa ya watoto. Watu walinunua zile taa zaidi ya sauti. Siku moja nilipokwenda Kibondo kutengeneza redio, nilimkuta mwenye baa mmoja amepanga sabufa tatu juu ya meza kama matofali. Mchana huo watu wanakula, wimbo ukafika pale penye mdundo, ubao wa dari ukaachia ukatua kwenye supu ya mteja. Mteja akaruka na mchuzi kifuani. Mwenye baa hakumtazama hata mara moja. Alinitazama mimi, macho yanang'aa, akasema, "Umeona, fundi? Hiyo ndiyo besi!" Halafu akaniuliza kama ninaweza kumwongezea ya nne. Mteja naye, mtajiuliza, alikasirika? Alijifuta akauliza sabufa hizo zinauzwa duka gani.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo. Sasa Kahoza.

Bwana Kahoza alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na maharage. Nyumba yake ilikuwa barabara ya kwenda Kabanga, nzuri, ya matofali ya kuchoma, na sebuleni alikuwa na spika mbili za mbao, ndefu kumfikia mtu kiunoni, zimefunikwa kitambaa cha kahawia mbele. Alizinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafungasha kuondoka Kibondo, pamoja na redio yake kubwa. Mkewe, Domitila, alizipenda. Alizifumia vitambaa vyeupe vya juu, akaweka maua ya plastiki. Domitila alizaliwa Burundi, akaja huku msichana, katika wimbi mojawapo la watu waliokimbia miaka ile ya nyuma. Akaolewa na Kahoza, akawa Mtanzania, akazaa watoto, akalima, akawa mtu wa hapa kabisa. Mtoto wao wa kwanza ni Neema, ndiyo maana utanisikia nikimwita Mama Neema.

Saa za alasiri Domitila alikuwa anakaa na spika zile akichambua maharage. Matangazo ya vifo, mahubiri, kwaya, bei za mazao, vyote alivisikiliza. Spika hizo zilikuwa na sauti ya mtu. Mtangazaji akimeza mate, unasikia.

Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na nyumba ya Kahoza, kulikuwa na duka la Alhaji Masudi, muuza khanga na mashuka. Siku moja Alhaji akanunua sabufa akaiweka mlangoni mwa duka, uso wake umeelekezwa barabarani. Kuelekea barabarani maana yake ni kuelekea kwa Kahoza.

Kesho yake Kahoza alikuwa kibandani kwangu asubuhi, sijamaliza hata kufagia.

"Mwakeye, fundi."

"Mwakeye, Baba Neema. Karibu."

"Nimekuja kwa jambo moja. Uje unitolee yale majeneza sebuleni."

Nilishtuka. "Majeneza gani tena?"

"Zile spika! Mtu mzima mimi nakaa na mbao mbili ukutani kama ninasubiri msiba. Alhaji anapiga kule, kwangu chai inatetemeka kikombeni. Chai yangu, fundi! Inatetemeshwa na mtu mwingine!"

Nikamwambia kama ninavyowaambia nyinyi. Spika zako ni nzima. Moja imechanika kidogo pembeni mwa koni, nitaiziba. Kama unataka mdundo, nunua sabufa, sikukatazi, lakini iweke *pamoja* nazo. Spika hizi zibaki na sauti za watu, sabufa ibebe ule mdundo wa chini tu. Utapata vyote.

Alinitazama kwa huruma. "Dada fundi, mtu akinunua pikipiki, anaifunga na baiskeli nyuma?"

Vijana wawili waliokuwa wanachaji simu wakacheka. Mimi nami nilicheka, maana lilikuwa neno zuri. Mwenye neno zuri hashindwi ubishi, hata akiwa amekosea.

Basi akanunua. Na alinunua kubwa kuliko ya Alhaji, kwa sababu alikwenda kuipima ile ya Alhaji kwa mkono wake kwa kisingizio cha kununua shuka. Spika za mbao zikahamishiwa stoo ya mahindi. Domitila alizifunika kwa gunia, akachukua vile vitambaa vyake akavifua akavikunja. Redio kubwa ya mzungu ilibaki juu ya kabati kwa sababu ilikuwa nzito na hakuna aliyejitolea kuishusha.

Ikaanza vita ya barabarani. Alhaji akiongeza, Kahoza anaongeza. Kahoza akiongeza, Alhaji anasogeza boksi lake hatua moja nje zaidi, mpaka mwisho lilikuwa linakaa kwenye mtaro. Kuku waliacha kutaga. Mzee wa kanisa aliyekaa nyumba ya tatu alilalamika kwamba meno yake ya bandia yanagongana ndani ya glasi. Na siku moja, naapa hili nililiona mwenyewe, mama mmoja kutoka Heru Juu alisimama mbele ya nyumba ya Kahoza na beseni la mihogo mikavu kichwani. Alikuwa amesikia mngurumo tangu mbali.

"Hodi hapa," akasema. "Mnasaga kwa foleni, au mtu anaingia tu?"

Domitila akamwambia, "Mama, hapa si mashineni. Hapa ni muziki."

Yule mama alisikiliza, akageuza kichwa, akasikiliza tena. "Muziki," akasema polepole. Akapanga upya kata yake kichwani akaondoka, anatazama nyuma mara kwa mara kama mtu aliyedanganywa.

Kahoza aliposimuliwa habari hiyo hakuaibika. Alifurahi! Alikwenda kumwambia Alhaji kwamba besi yake imeitwa mashine ya kusaga na mtu wa Heru Juu. Alhaji akanywea siku nzima.

Lakini ndani ya nyumba mambo hayakuwa mazuri. Vile vispika vya kopo vilikuwa vinalia sauti nyembamba kama nzi, na sabufa inanguruma chini, na katikati, pale inapokaa sauti ya mwanadamu, palikuwa patupu. Mtangazaji akisoma matangazo ya vifo, unasikia "ndugu na jamaa wa bu-bu-bu wanatangaziwa kifo cha bu-bu kilichotokea bu." Domitila alinyanyua mikono. "Mawe, mama yangu! Mji mzima unakufa na simjui hata mmoja!" Alimwomba mumewe apunguze mdundo. Kahoza alipunguza kidogo, halafu Alhaji akawasha, Kahoza akarudisha. Kisha siku moja umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, vitufe vya mbele vya sabufa vikaungua, ikawa ukiichomeka inawaka kwa sauti ile ile iliyoachwa, na kuipunguza ni kwa rimoti peke yake. Na rimoti Kahoza alikuwa anatembea nayo mfukoni. Akienda mnadani Kibondo kununua maharage, rimoti inakwenda mnadani Kibondo. Niliwahi kumwona anatafuta chenji, anatoa rimoti, anaishika kifuani kidogo ndipo anairudisha.

Mnacheka. Tulicheka sisi pia. Halafu ukaja mwaka 2015.

Hali ya Burundi ilichafuka tena, na watu wakaanza kuvuka. Wengine kwa ziwa, wengine kwa miguu kupitia vijiji vya mpakani. Malori na mabasi yalipita Kasulu yamejaa akina mama na magodoro, yakielekea kambi ya Nyarugusu. Domitila alikuwa anasimama barabarani kila yakipita, mikono kichwani, anatazama nyuso. Dada yake, Spesioza, alibaki kule Burundi wakati Domitila alipokimbia. Walikuwa wameachana wasichana. Simu ya mwisho waliyozungumza ilikuwa zamani, na ile namba ilikuwa haipatikani tena.

Redio ikaanza kusoma majina ya wanaotafutana. Alasiri, mtangazaji anasoma: fulani, binti wa fulani, wa kilima fulani, yuko mahali fulani, anamtafuta fulani. Haraka haraka, maana majina yalikuwa mengi. Domitila aliacha maharage. Alikuwa anapiga magoti mbele ya sabufa, sikio amelibandika kwenye kopo, kidole kwenye sikio la pili.

Siku hiyo alinijia kibandani anakimbia, khanga imefunguka, kiatu kimoja hana. Nilidhani nyumba inaungua.

"Stazia! Wamemtaja!"

"Nani?"

"Spesioza! Nimesikia 'Spe', halafu nyumba ikatikisika. Halafu nikasikia jina la baba yetu, nusu. Halafu bu-bu-bu, wakahamia mtu mwingine. Stazia, wamesema yuko wapi? Hukusikia wewe? Hakuna aliyesikia?"

Kibandani nilikuwa na redio, lakini wakati ule nilikuwa nimeifungua tumbo. Nikawauliza majirani, wa kushoto alikuwa na sabufa, na wa kulia alikuwa na sabufa. Mji mzima ulikuwa na sauti kubwa, na hakuna mtu aliyekuwa amesikia neno.

Domitila alikaa kwenye kiti cha wateja. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Wanasema majina hurudiwa siku inayofuata. Twende ukanirudishie spika zangu."

"Mama Neema, mwenye nyumba yuko wapi?"

"Kibondo. Na rimoti."

"Siwezi kutia mkono katika nyumba ya mtu bila mwenyewe..."

"Mwenyewe ni mimi," akasema. "Au mimi ni mgeni pale?"

Nikachukua mfuko wangu wa vifaa.

Stoo ilikuwa imejaa mpaka juu. Tulihamisha magunia ya maharage sisi wawili, migongo inalia, tukazifikia. Panya walikuwa wametafuna kitambaa cha mbele cha moja, na ile koni iliyochanika pembeni ilikuwa imechanika zaidi. Lakini mbao zilikuwa ngumu, sumaku nzima. Tulizipangusa, tukazibeba mpaka sebuleni.

Hapa sikilizeni, hii ni kazi. Koni ya karatasi ikichanika usikimbilie kununua spika mpya. Chukua karatasi nyepesi, ile laini ya kufutia, ichane kwa mkono usiikate kwa mkasi, ili kingo zake ziwe na nyuzi. Pakaza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, bandika mbele na nyuma, acha ikauke yenyewe juani. Usiweke gundi nene. Koni ikiwa nzito inakuwa bubu. Halafu nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza moja, hii inasukuma wakati ile inavuta, na mdundo unapotea katikati ya chumba, na mteja anakwambia spika zimekufa. Mzee Shomari alikuwa na mteja aliyetaka kuzika spika zake kwa kosa hilo la waya mmoja.

Nilizifunga kwenye ile redio nzito ya juu ya kabati, ambayo, ashukuriwe Mungu, uvivu wa kuishusha ndio ulioiokoa. Nikiwa nimelala chini nyuma ya kabati, mlango ukafunguka.

"Kuna nini hapa?" Ilikuwa sauti ya Kahoza. Amerudi mapema, vumbi la Kibondo mpaka kwenye kope. "Fundi! Mmerudisha majeneza?"

Nilibaki pale pale nyuma ya kabati. Ni mahali pazuri pa fundi wakati wa ugomvi wa wenye nyumba.

"Alhaji akiona!" akasema. "Atasema nimefilisika! Atasema Kahoza amerudi kwenye baiskeli!"

Domitila alikuwa amesimama katikati ya sebule. Alimwacha amalize. Kisha akasema, "Spesioza ametajwa redioni."

Kahoza akashusha mkono aliokuwa amezinyooshea spika.

"Ametajwa ndani ya nyumba hii, katika chumba hiki. Nilikuwa hapo nimepiga magoti. Sijui yuko wapi. Sijui kama ni mzima au amesema ni mgonjwa. Nimesikia 'Spe'. Baba Neema, nimesubiri dada yangu tangu sina hata mtoto mmoja, na nimepewa 'Spe'."

Nilisikia kiti kikivutwa, Kahoza akakaa. Nikachungulia pembeni mwa kabati. Nikaona mkono wake unaingia mfukoni, unatoa rimoti, unaiweka mezani, unaisukuma kwa kidole mpaka upande wa mkewe. Hakusema samahani. Wanaume wa umri ule hawakuwa na neno hilo nyumbani. Alisema, "Kesho sitoki."

Kesho yake alasiri tulikuwa pale: Domitila, Kahoza, na mimi, maana walisema spika zikikwama nani atazifufua. Gundi ilikuwa imekauka. Nikawasha redio, na mtangazaji akaingia chumbani kana kwamba amevua viatu akaketi. Domitila akashika mdomo. Kahoza aligeuka akazitazama zile mbao mbili kama mtu anayemwona mkwewe akitoka jikoni, kumbe siku zote anajua kupika.

Ndipo Alhaji Masudi akawasha ya kwake.

Dirisha likaanza kulia. Sauti ya mtangazaji ikatetemeka, ikazama, na saa ya majina ilikuwa imefika. Domitila alimtazama mumewe. Kahoza hakusubiri kuambiwa. Alisimama akavuka barabara hata bila kutazama kushoto na kulia. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona na kusikia.

Alhaji alimwona anakuja, akatabasamu mpaka jino la nyuma. "Karibu, jirani! Leo kwako kimya. Umeshindwa?"

Watu wa vibaraza vya jirani wakageuka. Walikuwa wamelisubiri jibu hilo kwa miaka.

"Nimeshindwa, Alhaji," Kahoza akasema. "Zima, nakuomba. Wanasoma majina, shemeji yangu yumo."

Alhaji hakuizima kwa rimoti. Aliinama akang'oa waya ukutani, ukatoka na kipande cha lipu. Kisha akamgeukia wa duka la pili, akapiga kelele, "Zimeni! Zimeni wote! Wanasoma majina kwa Kahoza!" Neno likapita barabarani duka kwa duka, na mdundo ukakatika kibanda baada ya kibanda, mpaka nikasikia kitu ambacho sikukisikia pale tangu 2012: mbuzi.

Walirudi pamoja. Alhaji aliacha viatu mlangoni akaketi ukingoni mwa kochi. Mtangazaji akasoma. Jina, jina, jina jingine. Domitila alikuwa amefumba macho. Kisha, wazi kabisa, kila herufi mahali pake: Spesioza, binti wa fulani, wa kilima fulani, yuko Nyarugusu yeye na watoto wake, anamtafuta mdogo wake Domitila aliyeolewa Kasulu.

Domitila hakupiga kelele. Alisema "Ego," yaani ndiyo kwa Kiha chetu na kwa Kirundi chao, kama vile mtangazaji amemwita na yeye anaitika. Halafu akaukamata mkono wa mumewe kwa mikono yote miwili. Alhaji Masudi alikuwa analia waziwazi na kujifuta kwa kofia yake.

Hapo katikati niwape lile jibu, kabla sijasahau. Usitupe spika inayosema vizuri kwa sababu haitikisi. Ongeza sabufa, ukitaka, lakini ifanye kazi ya chini tu. Kata sauti za watu zisiingie humo. Usiisukumie kwenye kona, itanguruma. Na sauti yake ipunguze mpaka mteja asijue kwamba ipo, ila akiizima aone kitu kimepungua. Spika zikiwa zimekufa kweli, koni na sumaku, hapo badilisha. Na kama mteja anataka vikombe vitembee, mwambie anunue mbuzi afunge kwenye meza.

Kahoza hatimaye alinisikiliza. Alifuatilia kibali cha kutoka kambini, Spesioza akaruhusiwa kuja kuwaona, na siku ya ugeni huo aliniita asubuhi nimfungie sabufa pamoja na spika za mbao, vizuri, kama nilivyomshauri mwanzo. Nilifanya. Wali ulikuwa unaiva, migebuka ya ziwani inakaangwa. Spesioza aliingia, mwanamke mwembamba mrefu, watoto wameshika gauni lake. Sitaeleza walivyokumbatiana na Domitila. Nilitazama nyaya zangu.

Walipokaa, Kahoza alitaka kumpokea mgeni kwa heshima. Akachagua kwaya ya Kirundi aliyoihangaikia sokoni, akawasha. Mdundo wa kwanza haukuwa mkubwa, ulikuwa wa adabu kabisa. Lakini Spesioza alikuwa ameshasimama. Mtoto mdogo yuko mgongoni kwake, mkubwa ameshikwa mkono, macho yanatafuta mlango wa nyuma.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa mngurumo ule ulimkumbusha milio gani. Kahoza aliinama akachomoa waya wa sabufa, akalibeba lile boksi mikononi na taa zake zimezimika, akalitoa mpaka uani. Aliporudi alikuwa anapumua kwa nguvu. "Tusamehe, dada," akasema, na mimi na Domitila tukatazamana, kwa sababu neno hilo hatukulijua mdomoni mwake.

Kwaya ilikuwa bado inaimba kwenye spika za mbao, sauti tupu, bila mdundo. Spesioza alirudi akaketi taratibu. Akasikiliza. Baadaye midomo yake ikaanza kufuata, kisha sauti ikatoka, ile ya pili, ya chini. Domitila akaniambia sikioni kwamba kule kwao alikuwa anaimba kanisani, na hajamsikia tangu alipoondoka.

Kahoza alinigusa bega. "Fundi," akanong'ona, "zima na redio."

Nikazima. Spesioza aliendelea peke yake macho yamefumbwa, hakujua kwamba kwaya imeondoka. Nilipogeuka nikamwona Alhaji Masudi mlangoni, shuka jipya la mgeni mkononi. Kutoka pale alikuwa anaziona zile spika za mbao, na mgeni hamwoni.

"Fundi," akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "hiyo ni spika ya wapi?"